Kusi, Kaskazi na Tangi la Petroli

Petroli inayochomwa Nairobi, Kisumu na hata Kampala, sehemu kubwa yake huingilia Mombasa. Meli za mafuta hufunga gati Kipevu, ng'ambo ya kisiwa, ambako kituo kipya cha kupokelea mafuta kilizinduliwa mwaka 2022. Kutoka hapo shehena husukumwa kwenda bara kwa bomba, kama ilivyo tangu mwaka 1978. Ndiyo maana kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, inapotangaza bei mpya, lita ya Mombasa huwa chini ya lita ya Nairobi kwa takriban shilingi tatu. Nafuu hiyo ni ndogo, na haikuonekana kuwa nafuu Oktoba 2023, petroli ya super ilipofika shilingi 217.36 jijini Nairobi, miezi mitatu baada ya kodi ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Bei ilishuka baadaye, lakini mazoea ya kupiga hesabu kabla ya kuingia kituo cha mafuta yamebaki.

Miongoni mwa wanaoipiga hesabu hiyo wamo wapenda pikipiki kubwa za safari. Wikendi ndefu zikifika, huteremka kutoka Nairobi kwa makundi, wakavuka daraja la Makupa, wakapiga picha chini ya Pembe za Ndovu katika Barabara ya Moi, kisha wakaegesha karibu na Fort Jesus. Watoto huwazunguka na kuuliza inakimbia ngapi. Watu wazima huuliza inakunywa ngapi. Swali hilo la pili lina jibu refu na lenye faida, kwa kuwa mengi yanayomaliza petroli kwenye pikipiki ya safari ndiyo hayo hayo yanayomnyima mwendeshaji raha yake. Anayejifunza kusafiri kwa mafuta machache hujikuta pia anaifurahia zaidi barabara.

Chombo cha mbali

Pikipiki aliyoizoea Mkenya ni ya sisi (cc) 100 hadi 150. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250, na mlango huo ukapitisha bodaboda zilizojaa leo kuanzia Mwembe Tayari hadi vijiji vya Kwale. Pikipiki kubwa ilibaki nje ya msamaha huo, na ushuru wake umeifanya kuwa kitu cha wachache.

Pikipiki ya safari haikuundwa kubeba abiria watatu kutoka Marikiti hadi Kongowea. Imeundwa kumchukua mtu mmoja au wawili na mizigo yao kwa siku nzima, mamia ya kilomita, wakashuka bila mgongo kuuma. Ina kiti kipana, kioo cha kukinga upepo, masanduku ya mizigo pembeni na nyuma, na tangi kubwa kuliko lile la bodaboda.

Inayojulikana zaidi katika jamii hiyo ni Honda Gold Wing. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, ikiwa na injini ya silinda nne zilizolala, sisi 999, iliyopozwa kwa maji, na shafti badala ya cheni. Mwaka 1988 ikaongezewa silinda zikawa sita, na toleo la mwaka 2018 lina sisi 1,833. Upande wa pili iko BMW ya jamii ya GS, iliyoanza mwaka 1980 kama R80 G/S, pikipiki iliyokusudiwa lami na vumbi kwa pamoja. Mwaka uliofuata ikashinda mbio za jangwani za Paris hadi Dakar. Honda nayo ina pikipiki ya namna hiyo iliyopewa jina la bara letu, Africa Twin.

Pikipiki za aina ya GS ndizo zinazoifaa zaidi Kenya, na sababu ni umbali wa vituo vya mafuta. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walisafiri kutoka Scotland hadi ncha ya kusini ya Afrika, wakiingia Kenya kwa njia ya Moyale, wakiwa juu ya BMW R1200GS Adventure zenye matangi ya lita 33. Kaskazini ya Kenya wakati huo ilikuwa barabara ya mawe na vumbi, na tangi kubwa lilikuwa bima. Lakini bima hiyo ina uzito wake: lita 33 za petroli hukaribia kilo 25, na kilo hizo hukaa juu, mahali ambapo mwendeshaji huzihisi kila anapokata kona.

Namba za njia ya Nairobi

Katika majaribio ya kiwandani, Gold Wing ya sasa hutumia takriban lita 5.6 kwa kilomita 100, yaani kama kilomita 18 kwa lita. BMW R1250GS, yenye silinda mbili na sisi 1,254, hutumia takriban lita 4.75, yaani kilomita 21 kwa lita. Bodaboda ya sisi 150 iliyotunzwa vizuri na kuendeshwa kwa upole inaweza kufika kilomita 50 kwa lita.

Zipeleke namba hizo barabarani. Kutoka kisiwani Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Tuseme lita ni shilingi 180. Gold Wing itahitaji kama lita 27, sawa na shilingi 4,800. GS itahitaji lita 23, shilingi 4,100 hivi. Bodaboda ingefika kwa lita zisizofika 10, chini ya shilingi 1,800, ingawa mpandaji wake angefika amechoka kabisa. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita lingetumia shilingi 6,200. Na reli ya SGR, tangu nauli zilipopandishwa Januari 2024, inatoza shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza.

Kwa hiyo mtu aliye peke yake juu ya pikipiki kubwa analipia petroli kiasi kinachokaribia tikiti ya daraja la kwanza ya treni. Akimpakia mwenziwe, gharama ya kila mmoja hushuka karibu nusu, kwa kuwa uzito wa abiria mmoja haubadilishi sana ulaji wa mafuta kwenye barabara ndefu. Hakuna haja ya kuiita pikipiki hii chombo cha kubana matumizi. Bodaboda ndiyo yenye sifa hiyo. Lakini wala si jini la mafuta linalosimuliwa vijiweni. Injini ya sisi 1,833 yenye silinda sita inayotumia mafuta pungufu ya gari dogo ni kazi kubwa ya uhandisi.

Tangi nalo lina hesabu yake. Gold Wing ina tangi la lita 21. Kwa mwendo wa wastani itakwenda kama kilomita 370, kwa hiyo Nairobi haifiki bila kujaza njiani. Wengi hujaza Mtito Andei, karibu nusu ya safari, ambako pia ni mahali pa kunyoosha miguu. GS Adventure yenye lita 30 inaweza kuondoka Mombasa na kufika Nairobi bila kusimama, endapo mwendeshaji ana nguvu hizo. Wenye busara husimama vyovyote vile.

Upepo ndio unaokunywa

Ndani ya injini ya petroli, sehemu kubwa ya joto la mafuta hupotea kupitia rejeta, moshi na msuguano. Takriban robo tu ndiyo hufika kwenye gurudumu. Na pikipiki ikishatoka mjini na kushika mwendo wa kilomita 90 au 100 kwa saa, sehemu kubwa ya robo hiyo hutumika kupasua hewa.

Pikipiki ni nyembamba, lakini umbo lake si la kuteleza hewani kama la gari. Miguu, mikono, vioo na masanduku vyote hukamata upepo. Na nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na spidi; huongezeka kwa kipeo cha pili. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, spidi imeongezeka kwa theluthi moja na kidogo, lakini ukinzani wa hewa umekaribia kuwa maradufu. Safari ya Mombasa hadi Malindi, kilomita 120, ukienda kwa wastani wa 80 huchukua saa moja na nusu. Ukienda kwa wastani wa 100 unaokoa dakika 18, na hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu zaidi ya asilimia 56. Kelele ndani ya kofia huongezeka, shingo hukaza, macho hayaondoki kwenye lami. Mashamba ya mkonge ya Vipingo hupita bila kuonekana, na hori la Kilifi, linalovukwa kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1991, humalizika kabla hujageuza uso.

Kwa watu wa pwani, somo hili ni la kale. Nahodha wa jahazi hakutoka Bandari ya Kale bila kujua upepo gani unavuma, na mwendeshaji wa pikipiki kubwa anapaswa kufanya vivyo hivyo. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba huvuma kusi, kutoka kusini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi huvuma kaskazi. Barabara ya Malindi inaelekea kaskazini kwa upande wa mashariki, karibu sambamba na njia ya pepo hizo. Wakati wa kusi, anayekwenda Malindi husukumwa mgongoni na anayerudi hupigwa kifuani. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka.

Tofauti si ndogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 100 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa hukutana na hewa ya kilomita 120 kwa saa, na ukinzani wake ni asilimia 44 zaidi kuliko siku ya shwari. Kupunguza mwendo hadi 80 hurudisha ukinzani huo pale pale ulipokuwa. Mtu anayejua hivyo hashindani na kaskazi. Huondoka alfajiri, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu za alasiri, na siku ya upepo hukubali kufika kwa kuchelewa.

Masanduku matupu yanayosafirishwa kwa mapambo nayo hulipiwa petroli. Yakitokeza pembeni hupanua umbo la pikipiki na kusumbua hewa hata kama hayana kitu ndani. Kioo cha mbele kina kazi mbili: kikiwekwa kimo kinachofaa hupunguza msukosuko wa hewa na kumpumzisha mwendeshaji. Gold Wing za sasa zina kioo kinachopanda na kushuka kwa umeme, na ni vizuri kukijaribu taratibu hadi kelele masikioni ipungue. Hewa ikipita bila fujo, mwili hutulia na pikipiki hutulia.

Kuipanda nyika

Barabara ya Nairobi ina jambo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni mwinuko. Kisiwa cha Mombasa kiko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Tuseme Gold Wing, mwendeshaji na mizigo yake vina uzito wa nusu tani. Kuupandisha mzigo huo mita 1,700 kunahitaji nishati ambayo, kwa injini inayotumia robo ya joto la mafuta, ni sawa na lita moja ya petroli. Lita moja tu, juu ya zile 27. Wanaodai kuwa kupanda Nairobi humaliza tangi na kurudi Mombasa ni bure, wanazidisha. Sehemu ya lita ile hurudi njiani wakati wa kuteremka, na nyingine huishia kwenye breki.

Hewa nayo hubadilika. Kufikia nyanda za Machakos na Athi River imekuwa nyepesi kwa karibu moja ya saba kuliko ile ya pwani. Injini hupata oksijeni kidogo na kupoteza nguvu, lakini pikipiki pia hukutana na ukinzani mdogo. Kwenye injini kubwa, yenye nguvu za akiba, upungufu huo hauhisiwi sana. Bodaboda ndiyo huanza kulia mlimani.

Kinachohisiwa njia nzima ni malori. Njia hii hubeba mizigo ya bandari, na kutoka Mariakani kwenye mizani hadi Voi trela hufuatana kama mlolongo usiokatika. Kila anayeongeza mwendo ghafla kulipita lori, kisha akabana breki nyuma ya jingine, anachoma petroli na kuitupa kwenye sahani za breki. Pia anahatarisha roho yake, kwa sababu upepo wa trela linalokuja mbele unaweza kuiyumbisha pikipiki hata yenye kilo 380. Wazoefu huacha nafasi ndefu, wakaitazama njia, na wakipita hupita mara moja, kwa gia sahihi, bila papara.

Vituo vya mapumziko njiani vina utamu wake. Mackinnon Road upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli ya Uganda, na wasafiri wengi wa dini zote husimama hapo. Makindu lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote hukaribishwa chakula bila malipo. Kati ya vituo hivyo viwili ni Tsavo, na ndovu wenye rangi ya udongo mwekundu huonekana wakati mwingine kutoka barabarani. Pikipiki haina dirisha wala kiyoyozi. Joto la Taru, harufu ya mvua ikigusa vumbi la Voi na baridi inayoanza Sultan Hamud vyote humfikia mwendeshaji. Anayekwenda kwa kilomita 85 au 90 kwa saa huvipata vyote hivyo, na mafuta yake hufika.

Kisiwani, mchezo hugeuka

Ndani ya kisiwa upepo si tatizo tena. Tatizo ni kusimama. Kila mara Gold Wing yenye mzigo inapotoka kwenye kituo na kufikia kilomita 50 kwa saa, hutumia takriban mililita 6 za petroli kwa kuongeza mwendo peke yake, na breki inayofuata huzigeuza kuwa joto. Mara mia za kusimama na kuondoka ni zaidi ya nusu lita, bila kuhesabu msuguano na muda wa kungurumisha injini. Digo Road wakati wa jioni, kati ya tuktuk, matatu na mikokoteni, pikipiki iliyokwenda kilomita 20 kwa lita barabarani inaweza kushuka hadi nusu ya hapo.

Halafu kuna Likoni. Mkondo wenyewe ni wa mita 500 hivi, lakini feri hubeba mamia ya maelfu ya watu kwa siku, na foleni ya magari huweza kuwa ndefu. Injini kubwa inayonguruma bila kwenda popote huchoma kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Isitoshe, katika joto na unyevu wa Mombasa feni ya rejeta huwaka mfululizo na kumpulizia mwendeshaji hewa ya moto miguuni. Kuzima injini kwenye foleni, na kuisukuma pikipiki hatua chache foleni inaposogea, ni nafuu kwa tangi na kwa magoti.

Tangu mwaka 2024 iko njia nyingine. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka upande wa Miritini na kutua Kibundani kusini, imekamilika, pamoja na daraja la Mwache na lile refu la Mteza lenye zaidi ya kilomita moja. Anayetoka bara kwenda Diani hahitaji tena kuingia kisiwani. Anayetoka kisiwani huongeza kilomita nyingi akizunguka, labda lita moja na nusu, lakini huzipita kwa mwendo wa kutulia, juu ya mikoko na maji ya hori. Siku ambayo foleni ya feri ni ya saa nzima, tofauti ya mafuta ni ndogo na tofauti ya furaha ni kubwa.

Mji wa Kale ni mtihani wa namna yake. Vichochoro vya Kuze na Kibokoni vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Pikipiki yenye masanduku pembeni hukaribia upana wa mita moja, na kona moja ikikosewa hakuna pa kugeuzia. Hapa ndipo Gold Wing huonyesha uungwana wake: ina mwendo wa kurudi nyuma taratibu, kwa kasi ya mtu anayetembea, kwani hakuna anayeweza kuvuta kilo 380 kwa miguu kwenye mteremko. Kwa GS nayo, lazima ikumbukwe kuwa silinda zake zimetokeza kulia na kushoto, juu kidogo ya vifundo vya miguu, na ukuta wa matumbawe hausamehe.

Mafuta yanayotumika ndani ya Mji wa Kale hayana hesabu nzuri hata kidogo. Gia ya kwanza, klachi nusu, joto, kusimama kila baada ya hatua kumi. Na raha pia haipo, kwa mwendeshaji wala kwa wazee waliokaa barazani. Mlio wa injini ya sisi 1,800 katika uchochoro wa nyumba za ghorofa mbili hugonga kuta na kuingia kila dirisha, na karibu na Msikiti wa Mandhry, uliojengwa karne ya 16, saa ya swala haistahili mlio huo. Utaratibu mzuri ni kuegesha penye nafasi karibu na Fort Jesus, kuvua koti na buti, na kuingia Ndia Kuu kwa miguu kutafuta kahawa chungu na mahamri kwa mbaazi. Atakayetaka kunguruma kidogo anayo barabara ya Mama Ngina jioni, bahari ikiwa upande mmoja na wauza madafu na mihogo upande mwingine, na hapo pia kwa mwendo wa matembezi.

Mkono wa kulia

Injini kubwa ya safari hupendeza kwa sababu ina nguvu chini. Gold Wing hufikisha msokoto wake wa juu kabisa, nyutoni mita 170, ikiwa na mizunguko 4,500 tu kwa dakika, na kwenye gia ya juu kwa kilomita 100 kwa saa huzunguka takriban nusu ya hapo. Bodaboda hulazimika kulia ili iende. Hii huenda kama inayonong'ona. Mizunguko michache ina maana ya msuguano mdogo ndani ya injini, na gia ya juu hufanya kila mlipuko wa petroli utumike vizuri zaidi. Kumbe sauti ile ya chini inayowapendeza waendeshaji ni sauti ya injini inayobana mafuta.

Mengine yamo katika mkono wa kulia. Ukiachia mkono wa mafuta mapema, pikipiki ikiwa bado kwenye gia, kompyuta ya injini hukata kabisa petroli kwenye injekta. Gurudumu ndilo huizungusha injini, na kilomita hizo hazilipiwi. Kuliona tuta la Mtwapa kutoka mbali na kuliendea bila breki ni ustadi unaookoa petroli na kumfanya abiria wa nyuma asiparamie mgongo wa mwendeshaji. Safari ikienda hivyo, kona hufuata kona bila mshtuko, na mwendeshaji na pikipiki hupata mdundo mmoja.

Kabla ya yote hayo, upepo wa matairi. Kwa R1250GS, kipimo ni pauni 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Kulipima baada ya kilomita 20 juani hudanganya, kwa kuwa joto huongeza shinikizo. Tairi lililolegea hula mafuta, huchakaa haraka na kuifanya pikipiki nzito ikatae kuingia kona.

Je, umeme utachukua nafasi hii? Ndani ya mji tayari unaingia: Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme hapa hapa Mombasa, na kwa bodaboda inayobadilisha betri kituoni na kurudi kazini hesabu inaeleweka. Kwa safari ya Malindi na kuendelea, petroli bado ndiyo inayobeba watu.

Kwa anayetaka kujua pikipiki yake inakunywa kiasi gani hasa, Mombasa inatoa uwanja mzuri wa kupimia, kwa sababu barabara ya Malindi ni tambarare na pepo zake zina kalenda. Ajaze tangi hadi shingoni asubuhi katika kituo kimoja cha kisiwani, arudishe namba ya safari kwenye sifuri, avuke daraja la Nyali kabla jua halijawa kali, aende Malindi na kurudi kwa mwendo wa 80 hadi 90, kisha ajaze tena pale pale. Agawanye kilomita kwa lita na aandike mwezi na upepo uliovuma. Akirudia Julai wakati wa kusi na Januari wakati wa kaskazi, mara moja na masanduku na mara moja bila masanduku, mara moja peke yake na mara moja na mwenziwe, atakuwa na daftari lenye faida kuliko karatasi yoyote ya kiwandani, na sababu nzuri ya kula samaki Kilifi mara kadhaa kwa mwaka.